Tui Si Maziwa

Katika maduka makubwa ya miji yetu siku hizi, mzazi hukuta pakiti zilizoandikwa "maziwa ya nazi", "maziwa ya soya" na hata "maziwa ya lozi". Huenda msomaji akadhani nataka kufufua ule ubishi wetu wa kitaaluma kuhusu tafsiri sisisi. Sivyo. Safari hii kosa la tafsiri linaweza kuishia katika kikombe cha mtoto.

Wapo watoto ambao miili yao huikataa protini ya maziwa ya ng'ombe. Wakiyanywa huharisha, hutapika au hutokwa na vipele. Aghalabu mzazi hushauriwa ayaache, kisha ushauri hukomea hapo. Afikapo dukani, neno "maziwa" lililo juu ya pakiti humwaminisha kwamba amepata mbadala. Lakini Kiswahili hakikuliita tui maziwa. Maziwa hutoka katika ziwa la mama au kiwele cha mnyama. Kikamuliwacho kwenye nazi ni tui, na lililo zito ni kasimile. Tui lina mafuta mengi, ila protini yake ni kidogo na kalsiamu yake ni haba. Ni kitoweo kizuri, wala si badala ya maziwa. Kinywaji cha lozi nacho ni hafifu kwa protini. Cha soya kilichoongezewa kalsiamu ndicho kinachoyakaribia maziwa. (Mwaka 2017, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilishikilia kwamba vinywaji vya mimea visiuzwe kwa jina la maziwa. Miongoni mwa vichache vilivyosamehewa ni nazi!)

Wala maziwa ya mbuzi si kimbilio. Protini zake hufanana mno na za ng'ombe, na wengi wanaodhuriwa na haya hudhuriwa na yale. Mala pia haifai, kwani kuchachuka hupunguza sukari ya maziwa tu, protini ikabaki.

Mtoto ale nini basi? Aliye chini ya mwaka mmoja ni suala la daktari. Aliyevuka umri huo, ikiwa bado ananyonya, aendelee; Shirika la Afya Duniani hupendekeza miaka 2 au zaidi. Kuhusu kalsiamu, kipimo cha FAO na WHO kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 3 ni miligramu 500 kwa siku. Gramu 100 za unga wa wimbi zina zaidi ya miligramu 300, ilhali uzani uo huo wa maziwa una takriban 120. Tusijidanganye, hata hivyo: kikombe cha uji hakiingii gramu 100 za unga, na uji mwepesi hujaza tumbo bila kulisha mwili. Upikwe mzito, unga wake uwe umechachushwa ili madini yafyonzwe vyema, kisha utiwe njugu zilizosagwa laini, kwani njugu nzima humpalia mtoto. Omena huliwa na mifupa yake, na mifupa ndiyo ghala la kalsiamu. Sukuma wiki huipita spinachi, ambayo kalsiamu yake hufungwa na asidi iliyomo. Mayai, nyama na samaki huleta vitamini B12, ambayo mimea haina.

Kizazi changu kililelewa na maziwa ya Nyayo, mpango ulioanzishwa mwaka 1979, na yamkini ndiyo sababu huona mtoto asiye na maziwa kama aliyenyimwa chakula. Basi tunampa chai ya mkandaa yenye sukari, apate walau kitu cha moto, nayo chai huzuia ufyonzwaji wa madini ya chuma.

Walimu wa chekechea huwauliza wazazi ni chakula gani kinachomdhuru mtoto. Ningewaomba waongeze swali la pili: anapewa nini badala yake? Jibu likiwa ni chai au tui, mzazi huyo aelekezwe kwa mtaalamu wa lishe katika kituo cha afya kilicho karibu, muhula ungali mchanga.