Majani ya kando ya barabara si takataka

KILA masika yanapoanza, kingo za barabara za pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam hugeuka kijani katika muda wa siku chache. Wengi huona magugu yanayosubiri kufyekwa. Lakini namna majani hayo yanavyotunzwa inawagusa wakazi wa Kinondoni na Temeke moja kwa moja.

Jiji hupata mvua katika misimu miwili: vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Hata hivyo, maji hayagawanyiki sawasawa. Lami hainywi maji. Huyasukuma pembeni, na mtaro hupokea mengi kuliko mvua iliyoangukia humo. Ndiyo maana mitaroni na mabondeni, kama lile la Mto Tegeta, Kinondoni, na la Mto Mzinga, Temeke, hustawi matete na ndago. Hatua chache juu yake, kwenye bega la barabara lenye mchanga unaochomwa na jua na kukanyagwa kutwa, hudumu ukoka, nyasi inayotambaa na kustahimili kiangazi.

Hapo ndipo penye hoja. Ukoka huushika mchanga. Ukiparuliwa kwa jembe hadi ardhi ikabaki tupu, mvua ya kwanza huusomba mchanga huo mtaroni, mtaro huziba, na maji hutafuta njia kupitia nyumba za watu. Jiji hili linaijua gharama ya mafuriko: yale ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na waathirika wengi wa mabondeni walihamishiwa Mabwepande.

Wapo pia wafugaji wa ng'ombe wa maziwa mjini. Kati ya Juni na Septemba, nyasi za viwanjani zinapokauka, majani mabichi ya mitaroni ndiyo chakula cha mifugo yao.

TANROADS, TARURA iliyoanzishwa mwaka 2017, na manispaa hazihitaji mradi mpya wala wafadhili. Zinahitaji kutofautisha mtaro na bega la barabara: mtaro uzibuliwe kabla ya mvua, wafugaji wakaribishwe kukata majani yake, bega lifyekwe bila kung'oa ukoka. Vinginevyo, fedha za walipa kodi zitaendelea kufukua mchanga ule ule kila mwaka.