Kulipa ili kutembea

Mliosikiliza kile kipindi chetu cha wazazi mtakumbuka kwamba sauti ya mama yangu haikuwemo. Si kwamba sikumwomba. Nilimwekea maikrofoni mezani, hapa nyumbani Liverpool, nikamchemshia chai, nikamuuliza, "Mama, mlitokaje Uvira?" Akaitazama ile maikrofoni kama mtu anayetazama nyoka, akasema, "Hakuna kitu ya kusema." Tukanywa chai, basi. Kipindi chake kikaishia hapo.

Leo nawaambia alikokuja kuyasema.

Ilianza na zawadi. Mwezi wa sita Mama alikuwa anatimiza miaka 45, nami nikamlipia matembezi ya siku moja na kiongozi, kule pwani kwenye mbuga ya Royal National Park. Kama hujafika, hii mbuga ilitengwa mwaka 1879, miaka saba tu baada ya Yellowstone ya Marekani. Njia yake maarufu, Coast Track, inafuata majabali ya bahari kutoka Bundeena hadi Otford, karibu kilomita 26, na wengi huigawa siku mbili. Sisi tulichukua kipande tu: kutoka Bundeena hadi ufuo wa Marley, halafu kurudi. Watu wanane na kiongozi.

Nilipomwonyesha kwenye simu, Mama akasoma bei mara mbili.

"Bantu banalipa feza juu ya kutembea?"

"Ndiyo Mama, lakini kuna kiongozi. Anakuonyesha njia."

"Ah! Juu ya kutembezwa! Mie nilitembea bure."

Nyumba nzima ikacheka. Na mimi nikacheka. Sikuyafikiria yale maneno mpaka tulipofika Cronulla.

Si unajua, Bundeena iko ng'ambo ya maji. Unachukua treni, unabadilisha, unashuka Cronulla, halafu unapanda boti. Boti yenyewe, Curranulla, ni ya zamani, ya mwaka 1939, ndogo na nzuri ajabu, watu wanaipiga picha. Nilikuwa nimeificha makusudi iwe mshangao. Tukafika gatini, Mama akasimama. Hakusema kitu. Akaangalia boti, akaangalia maji, akaniuliza polepole:

"Inabeba bantu ngapi?"

Hapo ndipo tumbo langu likashuka. Mama yangu alivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996, usiku, akiwa na miaka 16. Nalijua hilo tangu utotoni. "Tulivuka ziwa" ni maneno yanayosemwa kwetu kama mtu anavyosema "tulihamia mtaa mwingine". Nilikuwa nayajua kama tarehe ya historia, sikuwa nayajua kama jambo lililompata mtu. Na mimi huyo nimemnunulia tiketi ya boti kwa siku yake ya kuzaliwa.

Nikamwambia, "Mama, turudi nyumbani. Tutakula kuku."

Alihesabu watu waliokwisha kuingia. Akatafuta kwa macho mahali yalipowekwa majaketi ya kuokolea maisha. Halafu akasema, "Twende. Ulisha lipa." Akakaa karibu na mlango, mkono mmoja umeshika benchi, mwingine umenishika mimi. Safari ni kama nusu saa. Sikumbuki kama kulikuwa na upepo.

Upande wa pili kiongozi alikuwa anatungoja, mama mtu mzima wa umri kama wake. Jambo la kwanza alitupeleka Jibbon, kwenye mwamba uliochongwa michoro ya zamani ya Wadharawal, wenyeji wa nchi hii. Wamejenga njia ya mbao juu yake ili watu wasiikanyage. Mama akanigusa: "Muulize, wenyewe wako wapi sasa?" Nikatafsiri. Kiongozi akajibu kwamba wapo, wengine wanaishi hapa hapa Sydney, kule La Perouse. Mama akatikisa kichwa. "Basi hawakuisha," akasema, tukaendelea.

Baada ya pale njia inapanda juu ya majabali. Kulikuwa na mzee mmoja anayetembea taratibu sana, kila mara anabaki nyuma. Kiongozi akasimamisha kundi, akamchukua yule mzee akamweka mbele kabisa, sote tukamfuata kwa mwendo wake. Mama akacheka kidogo.

"Uyu anajua kazi," akasema.

"Kwa nini?"

"Bibi yako alifanya vile vile. Mtoto mdogo, mbele. Ukimweka nyuma, utageuka mara moja, hayuko."

Na hivyo ndivyo ilivyoanza. Hakuniangalia hata mara moja. Alikuwa anatazama njia, anakwepa mawe, na maneno yanatoka kidogo kidogo, kama mtu anayesimulia habari za jirani. Vita vilipoingia Uvira, Oktoba 1996, walishika barabara ya kandokando ya ziwa kuelekea Baraka. Ni zaidi ya kilomita 80. Nilipiga hesabu baadaye: Coast Track nzima, mara tatu, na sufuria kichwani. Yule mtoto mdogo aliyewekwa mbele ni mjomba wangu, ambaye siku hizi hachelewi sherehe moja tu: ile asiyoalikwa.

Nilijifunza mambo ambayo nilidhani ni tabia zake tu. Kwa nini hapumziki akiwa amekaa: "Ukikaa, miguu inasahau." Kwa nini chupa yake ya maji haiishi kamwe. Kwa nini kila tukienda mahali anataka kujua mlango uko wapi. Kumbe nyumbani kwetu tumekuwa tukiishi na ile barabara ya Uvira miaka yote, na mimi nilikuwa naidhani ni ukali.

Kutoka Baraka wakapanda boti hadi Kigoma, na baadaye kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka huo huo. Alipofika kwenye boti, akanyamaza. Tukatembea kwa muda. Halafu akasema, "Ya boti sitakwambia leo." Sikumsukuma.

Karibu na Marley kiongozi akapaza sauti, akatuonyesha bahari. Mwezi wa sita nyangumi wanapita pwani hii wakielekea kaskazini kwenye maji ya joto. Tukaona moshi wa maji ukiruka, halafu mgongo mweusi, polepole. Mama, mtoto wa ziwa la samaki, akakaa kimya muda mrefu. Mwishowe akasema, "Iyo, jikoni moja haitoshi."

Hapana, sikurekodi. Simu ilikuwa mfukoni na ilibaki mfukoni. Haya mnayosoma, Mama ameyasikia kwanza, nimemsomea sebuleni, akaniambia niandike mpaka hapa. Mengine ni yake.

Neno letu la leo, basi, ni familia nzima ya tembea. Unatembea kwa miguu yako. Unamtembelea mtu, yaani unakwenda kwake. Unamtembeza mgeni, unamzungusha umwonyeshe mahali. Na mgeni yule anatembezwa. Herufi chache tu, lakini angalia nani anaijua njia na nani anafuata. Mimi nililipa ili Mama atembezwe.

Kazi ya nyumbani, na hii si lazima mlipe hata senti: kama mzazi wako hasemi mezani, usimwekee maikrofoni wala kumkalisha uso kwa uso kama ofisi ya uhamiaji. Amehojiwa vya kutosha maishani. Mwombe mtembee, hata kandokando ya Georges River jioni. Njiani mtu anaruhusiwa kunyamaza, hakuna anayemkazia macho, na akitaka kubadilisha habari kuna ndege wa kuonyesha. Lakini muulize kwanza mnapitia wapi. Mimi sikuuliza, na siku ile ingeweza kuishia gatini Cronulla.

Kwenye treni ya kurudi Mama alivua viatu, akaniuliza, "Ile mwisho ya njia, wanaitaka nini?"

"Otford."

"Kuna boti?"

"Hapana Mama. Otford kuna treni."

Akafikiri. "Siku ingine tunaanzia kule. Lakini usilipe mtu. Nitakutembeza mie."

Tukutane wiki ijayo.