Sahani Inapigwa Foto, Mama wa Malewa Je?

Fungua telefone jioni, kama iko na moto na mtandao unashika, hautakosa kuona sahani. Sambaza za kukaanga na ndimu pembeni, viazi vimepangwa kama maua, brosheti inatoa moshi, na nyuma mpishi amesimama na kofia yake nyeupe. Marestora ya Goma na ya Kinshasa yamejua kwamba mteja anakula kwanza kwa macho, na vijana wetu wenye kamera wamepata kazi hapo. Hatuna shida na hiyo. Kijana anayelipwa kupiga foto ya samaki anatufurahisha kuliko yule anayeitwa kubeba bunduki.

Shida yetu sisi wa huku, kutoka milima ya Masisi, kupita Mpofi mpaka mu msitu wa Walikale, ni kwamba foto inaanzia ku meza. Ungesema chakula kilizaliwa mule mu jikoni.

Tuchukue fomaji. Kinshasa wanaiuza kwa jina la fomaji ya Goma. Lakini maziwa yanakamuliwa Masisi, yanapikwa Masisi, na zile fomaji za duara zinakaa siku nyingi juu ya mbao zikikauka huko huko, bila frigo, kwa baridi ya mlima tu. Kilo moja inakula karibu lita 10 za maziwa. Goma ni mahali pa kupakia. Jina limebaki ku mlango, na mwenye ng'ombe, ambaye amekimbia vita, akarudi, akakimbia tena, hana hata kivuli mu foto. Sambaza nao si wazaliwa wa Kivu: waliletwa ku ziwa letu kutoka Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950, na leo hakuna anayeuliza.

Kuna wapishi wanaofanya tofauti. Dieuveil Malonga, mzaliwa wa Kongo-Brazzaville aliyekulia Ujerumani, alifungua restora yake Meza Malonga kule Kigali mwaka 2020. Tunajua jina la mji ule linawauma wengi wenu. Leo tunaongea sahani. Mpishi huyo alizunguka nchi nyingi za Afrika akitafuta viungo na akijifunza kwa wamama wa vijijini, na wanaompiga foto wanamuonyesha pia shambani na sokoni, si mbele ya moto tu. Mteja wa pale analipa bei kubwa, na sehemu ya kile anacholipia ni habari ya mahali kitu kilipotoka. Habari hiyo huku kwetu tunaitupa bure.

Na ku kareri? Kule kamera zilifika kitambo. Tangu kasiterite ya Bisie ianze kujulikana mwaka 2002, wapiga foto walipanda mpaka kule, na walirudi karibu wote na foto zile zile: tope, shimo, mtoto, mfuko mgongoni. Zilikuwa za kweli. Hata hivyo, maelfu ya watu walikuwa wanaishi mu msitu ule pasipo shamba la kuwatosha, na walikula kila siku. Chakula kiliingia kwa mgongo wa mtu, safari ndefu ya miguu kutoka Njingala, kwa njia ile ile iliyotoa mawe. Mfuko wa maharagi na mfuko wa kasiterite vilipishana mu njia, na yote miwili ililipa barieri. Bei ya bugali kule juu ilikuwa na maelezo yake, lakini nani aliyapiga foto?

Mama wa malewa anaamka mbele ya mchimbaji. Anachota maji, anawasha kuni, anasonga, anachemsha sombe na mawese. Halafu, na hii ndiyo kazi yake ngumu, anakopesha. Mchimbaji asiye na kitu anakula leo, analipa siku jiwe litauzwa. Jina linaandikwa mu kaye. Filon ikipotea, mama naye amepoteza. Shimo likibomoka, kaye yake inabaki na majina ya watu ambao hawatarudi kulipa, na ripoti zitahesabu waliokufa, zitahesabu tani, yeye hatahesabiwa hata ku waliopata hasara. Familia nyingi zinazosoma ukurasa huu zimesomesha watoto kwa malewa kama hiyo.

Wachimbaji, ninyi mnajua kitu kinachoitwa asili. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010, na ile ya Umoja wa Ulaya inayotumika tangu tarehe 1 Januari 2021, zimefanya wanunuzi waulize jiwe limetoka wapi. Ku kareri zilizoingia mu mpango wa iTSCI, mfuko ulifungwa etiketi yenye namba. Etiketi hizo zimelalamikiwa: mwaka 2022 Global Witness ilisema mawe ya kareri zisizoruhusiwa yalipita chini yake. Hata hivyo kila mtu alikubali kwamba swali ni la haki. Kwa nini swali hilo lisiulizwe juu ya viazi?

Tunawaomba wenye marestora waandike mu menyu yao: fomaji ya Masisi, mawese ya Walikale. Haiwagharimu kitu.

Na kwa vijana wenye kamera, tunaomba zaidi. Pandeni. Pigeni mikono inayochagua maharagi, sufuria, kaye yenyewe kama mama anakubali (majina ya wenye deni muyafunike). Lakini ombeni ruhusa kabla ya kutoa telefone, si baada. Mwambieni foto inaenda wapi, na kama mtalipwa, naye apate kitu. Mrudishieni foto yake. Hakuna sababu mtu wa Brussels awe nayo na yeye akose.

Tena, kuna vitu visivyopigwa huku. Usionyeshe stoo na mifuko imejaa. Usionyeshe njia ambayo chakula kinapita, wala saa, wala barieri na watu wake. Foto nzuri ya mama akicheka mbele ya mifuko 20 ya mchele, ikiwa na jina la kijiji chini, ni barua kwa mwenye silaha anayetafuta mahali pa kula usiku. Ku Goma mjini jina la kijiji ni heshima. Huku, siku zingine, ni hatari, na mwenyewe ndiye anajua ni siku gani. Mama akikuambia andika Walikale tu, andika Walikale tu.

Foto za namna hiyo zikitufikia, tutazichapa ku ukurasa huu pamoja na jina la mpishi, kama amekubali, na la aliyepiga.