Mtungi wa Kwete Katika Safari ya Koboko

Kutoka Arua hadi Koboko ni mwendo wa kilomita 55 hivi. Kwa abiria aliyeketi kitini safari hiyo sasa ni nyepesi, kwani lami iliyotandazwa katika miaka ya 2010 kutoka Vurra hadi mpakani Oraba imeyaondoa mashimo yaliyokuwa yakiwapotezea watu siku nzima. Lakini kwa jerikani la kwete lililojazwa hadi shingoni na kukazwa kifuniko, safari hiyo ingali ndefu mno.

Jambo hilo lilimfunza mke wa koplo mmoja wa polisi aishiye na mumewe kambini Arua. Baba mkwe wake alikuwa amefariki huko Koboko, na siku ya kuondoa matanga ikapangwa. Mkaza mwana hafiki mikono mitupu mahali kama hapo. Yeye ni Mlugbara, na katika upishi wa kwete majirani wote kambini humpa heshima yake. Basi aliahidi kuleta pombe ya wazee. Alikopa fedha katika chama cha akina mama cha kuweka na kukopa, akanunua mahindi na ulezi, akapika majerikani 4 ya lita 20. Asubuhi ya safari aliyajaza pomoni, akatia kipande cha plastiki chini ya kila kifuniko ili lisivuje hata tone, akayakaza kwa nguvu zake zote na kuyapakia nyuma ya teksi. Alifanya kila alichodhani mtu mwangalifu angelifanya, kumbe hapo hapo ndipo kosa lilipokuwa.

Walipokuwa wakipita nchi ya Maracha jua lilikwisha panda. Kondakta aligeuka akasema, "Mama, mzigo wako unatuna." Kabla hajajibiwa, kifuniko kimoja kilifyatuka na kugonga dari. Kwete ikamiminika juu ya gunia la unga la abiria mmoja na juu ya sare ya askari jeshi aliyekuwa akirudi nyumbani kwa likizo. Jerikani la pili lilipasuka ubavuni. Mawili yaliyosalia yalifunguliwa kando ya barabara kwa tahadhari kubwa, na hata hivyo nusu yake ilitoka kwa povu. Mama huyo alimlipa mwenye unga, akamwomba radhi askari, akafika Koboko na lita 20 kati ya 80. Wakwe zake hawakutamka neno la lawama, naye angeona nafuu kama wangelitamka. Deni la chama lilimchukua miezi mitatu kulilipa, na katika miezi hiyo mtoto wake wa pili alirudishwa nyumbani mara mbili kwa kukosa karo.

Kisa hiki si cha uzembe. Aghalabu watu huichukulia pombe kama maji au mafuta ya taa, yaani kitu ambacho kikishafungwa vizuri hutulia. Kwete haitulii. Unga wa mahindi hulowekwa ukachacha, ukakaangwa juu ya bati pana hadi ukawa chenga za rangi ya kahawia, kisha ukatiwa maji pamoja na kimea cha ulezi. Kimea hugeuza wanga kuwa sukari, na hamira iliyomo huila sukari hiyo ikatoa vitu viwili: kilevi na hewa ya ukaa. Kazi hiyo haikomi pombe inapochujwa. Mnywaji anayeisifu kwete kwa kuwa ingali na utamu kidogo, anasifu sukari ambayo hamira haijaimaliza. Na gramu 100 tu za sukari, kiasi cha nusu kikombe, hutoa zaidi ya lita 25 za hewa. Sehemu ya hewa hiyo huyeyuka ndani ya pombe yenyewe. Iliyobaki hutafuta mlango. Joto la mchana huiharakisha hamira, tena huifukuza ile hewa iliyokwisha yeyuka, na mtikisiko wa gari huikamilisha kazi. Kile kipande cha plastiki chini ya kifuniko kilikuwa kimeziba mlango wa mwisho.

Wako watakaouliza: mbona bia ya kiwandani husafiri mbali zaidi bila msiba? Ni kweli. Pipa la chuma la lita 50, ambalo wengi huliita kegi, likitoka Luzira karibu na Kampala au Njeru jirani ya Jinja hadi Arua, hupita karibu kilomita 500 au zaidi, na kuvuka mto Nile mara mbili, Karuma na Pakwach. Lakini bia hiyo imechujwa hamira yake, au hamira hiyo imeuawa kwa joto, kabla ya kufungwa. Hewa iliyomo imepimwa, na chuma kimefanywa kiwe na nguvu ya kuizuia. Kiwanda, kwa maneno mengine, huinyamazisha bia kwanza ndipo kikaifunga. Mpishi wa nyumbani hufunga kitu kinachopumua.

Hata hilo pipa la chuma lina masharti yake, na inafaa wale wanaoandaa karamu za kambini wayajue. Likijaa huwa na uzito wa zaidi ya kilo 60, kwa hiyo halibebwi na mtu mmoja, wala halibiringishwi juu ya kokoto. Likiachwa juani nyuma ya lori, msukumo wa ndani hupanda zaidi ya mara mbili ya ule wa pipa lililo baridi. Halitapasuka, lakini atakayelifungulia bomba siku hiyo hiyo atapata ndoo ya povu na bilauri mbili za bia. Lifunikwe kwa turubai, lifike siku moja kabla, lilazwe mahali pa baridi hadi kesho yake. Kwa miaka mingi West Nile haikuunganishwa na gridi ya taifa, na wenye baa za Arua walijifunza kulipangia pipa barafu mapema kuliko kuutumaini umeme. Si desturi ya kuiacha upesi.

Turudi kwenye kwete. Ikiwa haina budi kusafiri ikiwa pombe, iachwe kwanza imalize ukali wake wa siku za mwanzo, ichujwe vizuri, na jerikani lijazwe robo tatu tu. Kifuniko kiwekwe bila kukazwa, au mdomo uzibwe kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa na kufungwa kamba. Kitambaa huzuia vumbi na kupitisha hewa. Jerikani lisimame wima, livikwe gunia bichi, na litiwe maji kila gari linaposimama, kwani upepo wa njiani ukipita juu ya gunia lenye maji huondoa joto. Safari ianze alfajiri. Dereva naye aambiwe anachokibeba. Wako madereva ambao hukataa, na hawana makosa.

Kuhusu chombo, hapa hapana mzaha. Majerikani mengi katika masoko ya mpakani yaliwahi kubeba petroli au dawa za kuulia magugu, na plastiki iliyokwisha kunywa sumu hizo haioshwi ikatakata. Mabati yenye mng'aro nayo yasitumike kuhifadhi kwete, kwa kuwa uchachu wake hula madini ya zinki na kuyaingiza katika kinywaji; watu wametapika na kuumwa matumbo wakidhani wamerogwa. Dumu la mafuta ya kupikia, likioshwa kwa maji moto, latosha.

Kadhalika yafaa kuuliza kabla ya kupika. Koboko ina Waislamu wengi, na katika ukoo mmoja nyumba hii hunywa kwete na ile ya pili haitaki hata harufu yake uani. Mgeni anayepeleka sukari na chai pale panapostahili sukari na chai hajapungukiwa na heshima.

Mama wa kambini alipata njia bora kuliko zote hizi, nayo aliipata kwa bibi yake. Mwaka uliofuata ukoo ulikutana tena Koboko kumkumbuka mzee, naye akaahidi tena kwete, jambo ambalo mumewe alilipinga jioni nzima. Safari hii hakupika pombe Arua. Alichachusha unga, akaukaanga, akauanika juani juu ya mkeka hadi chenga zikawa kavu kama kokoto ndogo, akatia katika gunia. Kimea cha ulezi alikisaga na kukifunga mbali katika mfuko wake. Chenga kavu hazitoi hewa, hazimwagiki, na hazidai nafasi ya maji ambayo Koboko yako. Mizigo miwili, mwepesi na mkavu, ilikaa chini ya kiti chake pasipo kondakta kuitazama.

Aliondoka siku 4 kabla ya shughuli. Jioni aliyofika aliazima mitungi kwa mawifi zake, akachanganya chenga, kimea na maji mbele yao, na mmoja wao akakaa kando akiuliza vipimo. Siku ya tatu mitungi ilikuwa ikichemka yenyewe uani, midomo wazi chini ya vitambaa, na hapakuwa na mtu aliyeogopa kuikaribia. Mama mkwe alichota kata ya kwanza, akaionja, akampelekea kaka wa marehemu bila kusema lolote. Kisha akarudi akaomba aachiwe kimea kilichobaki.