Mwenye Bastola Akiisifu, Tumwamini?

Wahenga walinena kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali hii ilinijia siku moja ya Idd, nilipokuwa nimeketi barazani baada ya sala, simu ikalia. Alikuwa mpwa wangu, kitinda mimba wa dada yangu, ambaye miaka mingi sasa yuko Marekani akifanya kazi ya ulinzi wa usiku katika ghala la bidhaa. Baada ya kuamkiana na kuulizana hali za wazee na watoto, nilimwuliza habari za kazi. Akanijibu kwa bashasha kuwa amenunua bastola mpya, aina ya P320 ya kampuni ya SIG Sauer.

"Mjomba," akasema, "hii ni amana hasa. Nimeshapiga risasi elfu tatu katika uwanja wa shabaha, haijakwama hata mara moja. Mwulize yeyote aliye nayo, atakwambia haya haya."

Nami nikamwuliza: "Na je, imenyamaza mara ngapi ulipoitaka inyamaze?"

Akacheka. Akasema jambo hilo halina hesabu, maana mtu hahesabu kitu ambacho hakikutokea. Tukaagana kwa dua. Lakini, ndugu msomaji, jibu lile halikunitoka moyoni. Kijana yule ana mtoto wa miaka minne ambaye humrukia kiunoni kila baba yake arudipo nyumbani alfajiri, na kiunoni ndipo inapokaa ile amana.

Leo nataka tuizungumze kauli ya wenye silaha juu ya silaha zao: ina uzito gani, na mwisho wake wapi. Sina nia ya kuwabeza wenye kauli hiyo. Aghalabu ni watu wakweli. Tabu ni kwamba mtu aweza kuwa mkweli, na bado ukweli wake usitoshe.

Bastola hii ya P320 ilianza kuuzwa mwaka 2014. Januari 2017 jeshi la nchi kavu la Marekani liliichagua ishike nafasi ya ile Beretta iliyokuwa mikononi mwa askari wake tangu mwaka 1985, kwa mkataba uliotajwa kufikia dola milioni 580. Sifa gani tena itafutwe baada ya hiyo? Walioinunua kabla ya hapo walijiona wameona mbali, na walioinunua baadaye walijiona wamo salama. Ulizia popote, ungeambiwa kuwa ni bastola isiyokwama, inayolenga vyema na kukaa mkononi kama iliyopimwa.

Agosti 2017 mambo yakabadilika. Watu waliofanya majaribio ya kuiangusha walionyesha kwamba bastola hiyo, ikiangukia mgongo wake kwa pembe fulani, yaweza kulia yenyewe bila ya kidole kugusa kifyatulio. Kampuni ilisema kuwa bastola yake imetimiza kanuni za usalama za Marekani, lakini mwezi huo huo ikatangaza kwamba atakaye airudishe atengenezewe bure, atiwe kifyatulio chepesi na vipuri vingine. Baadaye ripoti ya wakaguzi wa wizara ya ulinzi ya nchi hiyo ilieleza kwamba jeshi, katika majaribio yake, lilikwisha kuiona kasoro hiyo na bastola zake zikarekebishwa.

Sasa tuzingatie. Tangu 2014 hadi Agosti 2017 ni miaka mitatu. Katika miaka hiyo maelfu ya watu waliisifu bastola hii, na hawakusema uongo. Kila mmoja alisema aliyoyaona. Lakini kasoro ilikuwamo mikononi mwao, imelala kimya, na sifa zao hazikuiondoa. Aliyepiga risasi elfu tatu bila ya kuiangusha bastola hajui chochote juu ya kuiangusha. Ushahidi wake unakomea pale ulipokomea mkono wake.

Hapo ndipo ninapoona tunachanganya mambo mawili katika neno moja. Tunasema silaha "yaaminika", na neno hili lina pande mbili. Upande wa kwanza ni utiifu: ukiiamuru, ilie. Upande wa pili ni ukimya: usipoiamuru, inyamaze. Utiifu mwenye bastola huuona kila aendapo uwanjani. Huuhesabu risasi kwa risasi na ganda kwa ganda. Ukimya hauhesabiki. Siku elfu za ukimya hazikupi habari yoyote mpya, na siku moja ya kuvunjika kwake yaweza kuwa ni siku ya matanga. Kwa hivyo, mwenye bastola akisifu utiifu wake, tumsikilize. Akitudhaminia ukimya wake, tumwulize dhamana hiyo kaitoa wapi.

Tena kuna hesabu ambayo hata mtoto wa chuoni aweza kuifanya. Chukua mfano tu: tuseme zimetengenezwa bastola laki moja, na katika hizo kumi zina kasoro ya kutisha. Watu 99,990 wataapa, na wataapa kwa haki, kwamba bastola yao ni njema. Watu kumi watasema vingine, na wataambiwa na wenzao kuwa hawajui kushika silaha. Hapo wingi wa sauti hautakuwa dalili ya kuwa hakuna mabaya. Utakuwa dalili kwamba mabaya ni machache, basi. Na katika jambo la risasi, machache si madogo.

Hadithi ya P320 haikuisha mwaka 2017. Watu zaidi ya mia moja nchini Marekani, baadhi yao askari polisi, wamedai kuwa bastola zao zililia zikiwa katika ala kiunoni au zilipokuwa zikitolewa, bila wao kuvuta kifyatulio. Wenye kuilaumu hutaja umbo lake la ndani: kwamba sindano ya kupigia risasi hukaa tayari imevutwa karibu kikamilifu, na kwamba nyingi katika zile zilizouzwa kwa raia hazina kizuizi cha nje cha kubonyezwa kwa dole gumba, ilhali zile za jeshi zinacho. Kampuni nayo imekana kabisa. Machi 2025 ilitoa taarifa ikisisitiza kwamba bastola yake haiwezi kulia isipovutwa kifyatulio. Mahakamani mambo yamekwenda huku na huku: mwaka 2024 baraza la wazee wa mahakama huko Georgia lilimpa mdai dola zaidi ya milioni mbili, na jingine huko Philadelphia likampa mdai mwingine dola milioni 11, na zipo kesi nyingine ambazo kampuni ilishinda. Idara kadhaa za polisi zimeiacha bastola hii, na nyingine zinaendelea kuivaa.

Msomaji asidhani kwamba nimekwisha kuhukumu. Kuna kisa kingine kinachotufunza subira. Julai 2025 askari mmoja wa jeshi la anga la Marekani aliuawa kwa risasi katika kambi iliyoko Wyoming, na habari za mwanzo zikaitupia lawama bastola, yaani ile ya kijeshi ya jamii hii iitwayo M18. Kamandi yake ikasimamisha matumizi ya bastola hizo ili zikaguliwe. Wenye kuilaumu wakasema, "Si tuliwaambia?" Baadaye askari mwenzake akakamatwa kwa tuhuma za kusababisha kifo hicho, na wengine wawili wakakiri kuwa walitoa maelezo ya uongo. Bastola zikakaguliwa na kurudishwa kazini mwezi Agosti. Kumbe pia mlalamikaji aweza kuivuta ngozi kwake.

Sisi tuliosomeshwa fikihi chuoni, tukiwa tumekunja miguu juu ya jamvi, tulifunzwa kwamba shahidi hatizamwi kwa ulimi wake tu. Hutazamwa pia kama ushahidi wake unamvutia manufaa au unamkinga na hasara; ukiwa hivyo, hukataliwa, hata akiwa mcha Mungu. Kanuni hii nimeipima katika jambo letu, nami naona yafaa kabisa. Kampuni inalinda biashara yake. Mdai anataka fidia yake. Na mwenye bastola, tunayemdhania kuwa yuko kati, naye hayuko kati. Ametoa pesa zake, na hapana mtu apendaye kukiri kuwa alinunua vibaya. Zaidi ya pesa ametoa moyo wake: kitu unachokitegemea kikuokoe roho usiku wa manane huwezi kukitilia shaka ukalala usingizi. Anapoisifu, nusu ya sifa ni dawa anayoinywa mwenyewe.

Basi nani awe shahidi? Jibu ni yule asiyeuza, asiyenunua wala asiyedai, ambaye kazi yake ni kuangusha, kutikisa, kutia mchanga na maji, na kuandika alichokiona. Mfano upo. Mwaka 1982 jeshi la Austria lilichagua bastola ya Gaston Glock, mtu aliyekuwa akitengeneza vyuma vya mapazia na visu, na ambaye kabla ya hapo hakuwa ametengeneza bastola. Bastola ile haikuwa na mwenyewe hata mmoja wa kuisifu. Ilikuwa na majaribio tu. Sifa zake zilizojaa duniani hivi leo zilikuja nyuma ya majaribio, na huo ndio utaratibu ulionyooka: mizani kwanza, kasida baadaye.

Na hapa ndipo penye ajabu ambayo wengi wetu hatuijui. Marekani ina tume ya serikali ya usalama wa bidhaa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Tume hiyo ina uwezo wa kuagiza birika, kitanda cha mtoto au mwanasesere aondolewe madukani akionekana ana hatari. Lakini bunduki na bastola sheria imeziweka nje ya mamlaka yake. Ndiyo maana lile tangazo la Agosti 2017 lilikuwa la hiari: atakaye alete, asiyetaka abaki nayo. Nchi yenye silaha nyingi kuliko nyingine zote mikononi mwa raia haina mkaguzi wa serikali wa kusema, "Hii irudi." Kwa sababu hakuna kadhi, kila mwenye bastola amegeuka kuwa kadhi wa bastola yake. Hivyo maoni ya wenyewe yamepewa mzigo usiokuwa wao, nao hawawezi kuubeba.

Huenda msomaji wa Lamu au wa Vanga akauliza, haya yatuhusu nini? Huku kwetu raia hashiki bastola bila ya leseni, na wengi wetu tunaijua kwa kuisoma tu magazetini, ile "bastola aina ya Ceska", jina ambalo kwa asili lina maana ya "ya Kicheki" tu. Naam, hatuna bastola, lakini tunasimama mbele yake. Tunasimama foleni benki nyuma ya askari mwenye bastola kiunoni. Tunakaa naye ndani ya matatu. Watoto wetu humpita njiani wakienda madrasa. Katika mazungumzo yote ya kuaminika kwa silaha, anayeulizwa ni aliyeishika, na asiyeulizwa ni aliye mbele ya mtutu. Mimi naona kuwa ukimya wa bastola ni haki yake huyu wa pili, naye asipokuwa na mtu wa kumsemea, sifa zote za huyu wa kwanza ni ngoma isiyo na wachezaji.

Dini yetu iliwahi kulisema jambo hili zamani, kabla ya baruti. Tumefundishwa kwamba apitaye msikitini au sokoni na mishale aishike kwenye ncha zake, asije akamdhuru Mwislamu. Hakuambiwa aisifu mishale yake wala aeleze ni mara ngapi imepita bila kumchoma mtu. Aliambiwa aweke mkono wake penye makali. Tahadhari iliwekwa juu ya mchukuzi, na haki ikawekwa kwa mpita njia.

Wiki mbili baada ya Idd nilimpigia mpwa wangu. Nilimsomea haya niliyoyaandika, yote, pamoja na yale ya askari waliosema uongo, ili asidhani namchagulia upande. Alinyamaza kitambo. Kisha akaniambia, "Mjomba, bado naiamini."

Nikamwambia, "Iamini, mwanangu. Mimi sikukuomba uiache, kwani kazi ni kazi. Nakuomba jambo moja tu: usimwachie mtoto alipe dhamana ya imani yako."

Siku hizi, asema, akifika mlangoni alfajiri haingii moja kwa moja. Hubaki kwanza ndani ya gari, akaitoa risasi chemba, akaifungia bastola katika kisanduku cha chuma, ndipo akaenda kugonga mlango. Mtoto humrukia kama kawaida yake. Kiuno ni kitupu.