MLOWEZI NAYE ANA KWAO

Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Methali hii tunaitumia sana chamani mwetu, hasa tunapowasuta wenzetu wanaoona haya kusema Kiswahili njiani. Lakini tunaposema asili, huwa tunafikiria asili ya nani? Yetu sisi tu? Mimi naona kuwa hata yule aliyevuka bahari akaja kutwaa ardhi yetu ana asili, na ni wajibu wetu kuijua. Tusipoijua, nusu ya historia yetu wenyewe itatupita.

Jambo hili lilizua joto katika mjadala wa chama muhula uliopita. Swali lilikuwa hili: je, mwanafunzi wa Kenya anapata faida gani akichunguza ukoo wa mwanamke wa kilowezi kama Karen Blixen? Upande mmoja ulisema ni kupoteza wakati. Ati hao ndio walionyang'anya watu mashamba, sasa ya nini kuwatafutia babu zao? Upande wa pili ulisema mama huyo aliwapenda wafanyakazi wake, kwa hivyo aheshimiwe. Kelele zilikuwa nyingi. Ajabu ni kwamba pande zote mbili hazikujua alitoka wapi. Mmoja alisema alikuwa Mwingereza. Mwingine akaapa kuwa alikuwa Mmarekani, kwa sababu aliigizwa na Mmarekani, Meryl Streep, katika ile filamu ya 1985!

Ndugu msomaji, Karen Blixen hakuwa Mwingereza wala Mmarekani. Alizaliwa tarehe 17 Aprili 1885 huko Rungstedlund, Denmark, akaitwa Karen Dinesen. Hakuzaliwa na cheo cha ubaroni. Cheo hicho alikipata kwa ndoa, alipoolewa na Mswidi Bror von Blixen-Finecke, ambaye alikuwa jamaa yake wa mbali. Waliooana mjini Mombasa mnamo Januari 1914, tena mara tu bibi harusi alipotua. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka huo huo, baadhi ya walowezi Waingereza waliwashuku wawili hawa kuwa wanawapendelea Wajerumani. Hapo tayari tumejifunza kitu. Sisi husema wazungu ni wale wale, kumbe wao kwa wao waliulizana mtu ni wa wapi.

Sasa twende nyuma zaidi, maana utamu wa nasaba uko nyuma. Babu yake mzaa baba, Adolph Wilhelm Dinesen, alikuwa mwanajeshi. Mnamo 1837 aliandamana na jeshi la Ufaransa lililokuwa likipigana huko Algeria, kisha akaandika kitabu kuhusu Abd el-Kader, kiongozi wa Waalgeria waliopinga kutawaliwa. Kwa hivyo miaka 77 kabla ya Karen kufika Mombasa, babu yake alikuwa amekwisha kukanyaga bara hili, naye alikuja na jeshi.

Baba yake, Wilhelm Dinesen, alikuwa mwanajeshi pia. Alipigana katika vita vya 1864 kati ya Denmark na Wajerumani, na baadaye akapigana upande wa Ufaransa. Miaka ya 1870 alikwenda Marekani akaishi Wisconsin kama mwindaji, jirani na wenyeji wa asili wa nchi hiyo, ambao ardhi yao ilikuwa imekwisha kutwaliwa na serikali. Aliporudi kwao aliandika kuhusu uwindaji. Alifariki mnamo 1895, binti yake akiwa na miaka tisa tu. Alimwachia hadithi za nchi za mbali.

Upande wa mama ndiko kulikokuwa na pesa. Mama yake, Ingeborg, alitoka katika ukoo wa Westenholz, matajiri wa biashara na mashamba. Babu mzaa mama aliwahi hata kuwa Waziri wa Fedha wa Denmark kwa muda mfupi kati ya 1859 na 1860. Mjomba wake, Aage Westenholz, alitajirika huko Siam, nchi ambayo leo inaitwa Thailand. Mjomba huyu ndiye aliyekuja kuwa mwenyekiti wa kampuni ya kahawa iliyomiliki shamba la Ngong. Kumbe shamba lile ambalo filamu inatuonyesha kama la mwanamke mmoja jasiri lilikuwa la ukoo mzima! Mwanamke alikuwa hapa akihesabu magunia, na ukoo ulikuwa kule ukihesabu hasara.

Hata jina la mtaa wa Karen lina hadithi yake. Mwenyewe aliamini kuwa mtaa umeitwa kwa jina lake. Mjomba naye alisema kampuni iliitwa kwa jina la binti yake, ambaye pia alikuwa Karen. Vyovyote iwavyo, jina limetoka katika ukoo huo huo. Leo ukipanda matatu kutoka mjini kwenda Ngong, makanga akiita, "Karen! Karen!" anaita jina la msichana wa Denmark, na abiria hatuulizi.

Hii ndiyo sababu ya kwanza ya mimi kutetea uchunguzi huu. Dalili ya mvua ni mawingu. Ukimtazama mlowezi peke yake, utadhani alidondoka kutoka angani, akaipenda milima ya Ngong, akapanda kahawa. Ukiufuata ukoo wake, unaona babu Algeria, baba Marekani, mjomba Siam, na binti Kenya. Unaona kwamba ukoloni haukuwa gavana na askari tu. Ulikuwa pia chakula cha jioni cha familia, watu wakikaa mezani na kuambiana nchi ipi ina nafasi na nani atatoa mtaji. Na sheria zilikuwa zikiwangoja huku. Sheria ya ardhi ya 1915 iliwaruhusu walowezi kukodishwa mashamba kwa miaka 999. Hebu fikiria, miaka 999!

Sababu ya pili ndiyo inayonigusa zaidi. Mbona tunaweza kuyajua haya yote kuhusu mwanamke huyu? Ni kwa sababu aliandikwa. Kuzaliwa kwake kuliandikwa, na ndoa yake ikaandikwa. Barua alizowaandikia jamaa zake kutoka hapa kati ya 1914 na 1931 zilihifadhiwa zikawa kitabu. Nyumba yake ya hapa ni makumbusho tangu 1986, na ile ya Rungstedlund ni makumbusho vilevile. Mali bila daftari hupotea bila habari, na yeye daftari alikuwa nalo.

Sasa tuwatazame waliochuma ile kahawa. Shamba lilikuwa la ekari zipatazo 6,000, na karibu 600 kati yake zilikuwa na kahawa. Waliokaa humo waliitwa maskwota, ingawa wengine wao wazazi wao walizaliwa pale kabla ya mzungu yeyote kufika. Sheria ya 1918 iliwataka maskwota wamfanyie mlowezi kazi siku 180 kwa mwaka. Wanaume waliandikwa katika kipande. Kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16, yaani umri wangu huu huu, alitakiwa kubeba kipande chenye jina lake, kabila lake na alama za vidole, akivaa shingoni katika kikebe cha chuma. Daftari hilo halikuwa la kumkumbuka. Lilikuwa la kumkamata akitoroka kazi. Na wanawake? Wanawake hawakupewa hata hicho.

Mama yake nyanya yangu alichuma kahawa katika shamba la mzungu huko Kiambu. Alilipwa kwa debe. Nilipomwuliza nyanya mama yake alizaliwa mwaka gani, alinijibu kuwa ni mwaka wa njaa. Njaa gani? Hajui. Shamba lilikuwa la nani? Anajua jina la utani tu ambalo wafanyakazi walimpa mzungu huyo. Basi nikaona jambo la kuchekesha na kuhuzunisha. Nikitaka kujua mama yake nyanya alikuwa wapi, inanibidi kwanza nijue yule mzungu alikuwa nani! Jina halisi la mzungu likipatikana, linaweza kunipeleka kwenye Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka pale Moi Avenue, kwenye hati za shamba na ramani zake. Njia ya kwenda kwa mama yetu inapita katika karatasi za mlowezi. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wenzangu wanaosema tuziache.

Najua watakaonipinga watasema kuwa nawatukuza wakoloni. La hasha! Kumjua mtu si kumsujudia. Wale wanaomsifu Karen Blixen husema kuwa kabla ya kuondoka mnamo 1931, shamba lilipofilisika na kuuzwa likatwe viwanja, aliwaombea maskwota kwa serikali wapewe mahali pa kukaa pamoja, nao wakapewa. Ni kweli, na ulikuwa wema. Lakini tafakari kidogo: watu waliombewa ardhi katika nchi yao na mgeni ambaye mwenyewe alikuwa akifungasha. Anayeijua asili ya pande zote mbili ndiye atakayeuona wema huo, na pia aone uchungu uliomo ndani yake.

Wala tusidhani kuwa sisi hatuna daftari kabisa. Farah Aden, msimamizi wa nyumba ya Blixen, alikuwa Msomali, na mtoto wa Kisomali hufundishwa kutaja majina ya babu zake kizazi baada ya kizazi bila karatasi. Kwetu Wagikuyu, msichana wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba na wa pili jina la nyanya mzaa mama. Kwa hivyo nikiitwa darasani, anaitwa nyanya pia. Majina tunayo. Tunachokosa ni mahali, miaka na kazi walizofanya, na hayo yamo vichwani mwa wazee ambao hawatangoja tumalize shule.

Napendekeza basi kwa chama chetu na walimu wetu wapendwa. Likizo ijayo, kila mwanachama amwulize mzee mmoja wa kwao, hasa nyanya, maswali manne: mama yako aliitwa nani, alitoka wapi, alifanya kazi kwa nani, na mzungu yule alijulikana kwa jina gani? Tuyaandike kwa Kiswahili katika daftari moja lihifadhiwe maktabani. Wenye uwezo wa kufika Nairobi wafuatilie majina ya mashamba na wenyewe. Gharama yake ni daftari na kalamu.

Mlowezi naye ana kwao, nasi tumekujua. Sasa tuwaandike na wale waliobeba madebe yake, kwa maana wao pia walikuwa na mama, na mama zao ndio sisi.

Na mwanachama, Kidato cha Tatu