UCHAMBUZI: Masomo ya uchumi Marekani: Kwa mtoto wa Ozi, chuo bora ni kile kinacholipa

MWANAFUNZI aliyelelewa Ozi, kijiji cha wakulima wa mpunga na maembe karibu na Kipini, pale Mto Tana unapoingia Bahari ya Hindi, huanza kuyajua masuala ya uchumi kabla ya kukutana na neno lenyewe darasani. Ameona maji ya chumvi yakipanda mtoni na kuharibu mashamba. Amesikia wazee wakijadili mabwawa matano yaliyojengwa juu ya mto, kuanzia Kindaruma mwaka 1968 hadi Kiambere mwaka 1988, na nani amefaidika kwa umeme huo na nani amepungukiwa maji.

Kijana kama huyo akipata alama za juu katika mtihani wa KCSE na kutangaza kwamba anataka kusomea uchumi Marekani, jamaa na walimu humtajia majina mawili au matatu: Harvard, Yale, labda Princeton. Asipochukuliwa huko, safari huwa imekwisha.

Hapo ndipo kosa linapoanzia. Vipo vyuo vingine visivyojulikana sana nchini ambavyo huenda vikamfaa zaidi. Hivi ni vyuo vya sanaa huria. Jina lisimdanganye mtu. Si vyuo vya uchoraji wala ngoma. Ni vyuo vidogo, vingi vikiwa na wanafunzi wasiozidi 3,000, vinavyofundisha zaidi shahada ya kwanza. Mwanafunzi husoma sayansi, historia, lugha na hisabati kabla ya kubobea katika somo moja, na uchumi ni miongoni mwa masomo yanayopendwa sana humo.

Wakenya wanawafahamu waliopitia vyuo hivi, ingawa si wengi wanaojua walisomea wapi. Marehemu Kofi Annan, aliyewapatanisha Mwai Kibaki na Raila Odinga hadi wakatia sahihi mkataba wa Februari 28, 2008, alipata shahada yake ya uchumi mwaka 1961 katika chuo cha Macalester, jimbo la Minnesota. Alifika huko kwa ufadhili wa wakfu wa Ford. Naye marehemu Profesa Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, alisafiri mwaka 1960 katika mpango wa ndege za wanafunzi ulioongozwa na Tom Mboya, akasomea biolojia katika chuo kidogo cha Kikatoliki cha Mount St. Scholastica, mjini Atchison, Kansas. Wote wawili walikwenda kwa ufadhili.

Suala la ufadhili, basi, ndilo linalopaswa kutangulia. Gharama ya mwaka mmoja katika vyuo vingi vyenye sifa, ikijumuisha karo, malazi na chakula, imepita dola 80,000, yaani zaidi ya Sh10 milioni. Basari ya kaunti au ya hazina ya maeneo bunge, inayogawanywa kwa maelfu ya wanafunzi, haiwezi kugusa kiasi hicho. Kwa familia ya mkulima au mvuvi wa Ozi, chuo kisicholipa takriban kila kitu hakimo katika orodha, hata kiwe na sifa gani.

Katika jambo hili vyuo havilingani, na mwombaji kutoka nje ya Marekani ana kanuni zake. Vichache sana humpima bila kutazama mfuko wa wazazi wake, kisha vikaziba upungufu wote wa fedha. Amherst, katika jimbo la Massachusetts, kimekuwa na sera hiyo kwa wageni tangu mwaka 2008, na Bowdoin cha Maine kikajiunga nacho mwaka 2022. Kundi la pili, ambamo mna Williams, Swarthmore, Pomona na Macalester, huziba upungufu wote wa yule kinayemchukua, ila uwezo wa familia huzingatiwa wakati wa kuamua nani achukuliwe. Humo mwombaji asiye na fedha hushindania nafasi chache.

Kundi la tatu, ambalo ni kubwa, hutoa msaada wa sehemu tu. Barua ya kupokelewa kutoka huko huja na shangwe, picha zikapigwa na sherehe zikafanywa, kisha familia ikagundua kwamba imebakiwa na deni la mamilioni kila mwaka. Barua kama hiyo haina manufaa kwa mtoto wa maskini.

Kipo pia chuo cha Berea, jimbo la Kentucky, ambacho hakimtozi karo mwanafunzi yeyote, na kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni kwa saa zisizopungua 10 kwa wiki. Wageni wanaochukuliwa kila mwaka ni wachache, lakini uchumi hufundishwa, na chuo kinawalenga wanafunzi wasio na mali.

Baada ya fedha, swali la pili ni uchumi wenyewe. Si kila idara ya uchumi inafundisha kwa kina kimoja. Mwombaji anapaswa kufungua orodha ya kozi katika tovuti ya chuo na kutafuta mambo manne: je, nadharia ya bei na ya uchumi wa taifa zinafundishwa kwa kutumia hisabati ya kikokotoo? Je, ipo kozi ya ekonometriki, yaani takwimu za kupima madai ya kiuchumi? Je, zipo kozi za uchumi wa maendeleo na wa mazingira? Na je, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho huandika utafiti wake mwenyewe chini ya mhadhiri? Anayetarajia kuendelea hadi shahada ya uzamifu aongeze hisabati kila muhula, kwa sababu hicho ndicho kipimo cha kwanza huko mbele.

Udogo wa vyuo hivi una faida yake. Darasa la watu 15 au 20 humfanya mhadhiri amfahamu mwanafunzi kwa jina, na barua ya mapendekezo iliyoandikwa na anayekufahamu hupita ile ya anayekujua kwa nambari ya usajili. Lakini upo upungufu pia. Vingi havifundishi uhasibu wala usimamizi wa biashara. Mzazi anayetaka mwanawe awe mhasibu aelewe mapema kwamba uchumi ni taaluma nyingine, na kwamba hapa nchini mwajiri anaweza kuuliza Macalester ni wapi. Shahada hiyo hutambuliwa kupitia Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE), lakini umaarufu wa jina hautolewi na tume.

Kikwazo cha tatu ni kalenda. Matokeo ya KCSE yamekuwa yakitangazwa Januari katika miaka ya hivi karibuni, ilhali vyuo hivi hufunga maombi kati ya Novemba na mapema Januari. Mtahiniwa wa mwaka 2026, kwa mfano, huomba mwishoni mwa mwaka 2027 na kuanza masomo Agosti 2028. Katika muda huo atakuwa ameitwa katika chuo kikuu cha humu nchini, na uamuzi wake ni mzito: akianza masomo, baadhi ya vyuo vya Marekani vitamhesabu kuwa mwanafunzi wa kuhama, na msaada wa fedha kwa wageni wanaohama ni haba. Akingoja na akose, atakuwa amepoteza mwaka.

Kikwazo cha nne ni karatasi. Fomu za msaada wa fedha ziliundwa kwa ajili ya mzazi mwenye hati ya mshahara na taarifa za benki. Zinauliza thamani ya nyumba, akiba na kodi iliyolipwa. Mzazi wa Ozi huhesabu pato lake kwa magunia ya mpunga, na mwaka wa mafuriko huenda asivune hata gunia moja. Hilo halimzuii mtoto wake, mradi makadirio yawe ya kweli na yaambatane na barua ya chifu au ya mwalimu mkuu inayoeleza hali ya familia. Vyuo vingi pia husamehe ada ya maombi kwa anayeomba msamaha huo. Tatizo ni kwamba asiyeambiwa haombi.

Mfano wa Bonde la Ufa unathibitisha hayo. Mwaka 2004 mwanahabari John Manners na mwanariadha wa zamani Mike Boit walianzisha mpango wa KenSAP, uliowakusanya vijana wenye alama za juu, wakafundishwa mtihani wa SAT na namna ya kujaza fomu, kisha wakapokelewa katika vyuo vikuu na vyuo vidogo vyenye sifa kubwa Marekani. Mpango wa Zawadi Africa, ulioanzishwa mwaka 2002 na Susan Mboya, binti wa Tom Mboya, umewafanyia wasichana kazi kama hiyo. Vijana waliofaulu huko walikuwa na akili, naam, lakini pia walikuwa na mtu wa kuwaongoza. Mwanafunzi wa shule ya kutwa katika eneo bunge la Garsen hana wa kumwongoza, na mipango kama hii haimfikii asipoitafuta mwenyewe.

Pengo hilo likiachwa wazi, wengine hulijaza. Mwaka 2023 wanafunzi waliopelekwa Finland kupitia mpango wa Kaunti ya Uasin Gishu walijikuta wakitishiwa kufukuzwa kwa karo ambayo haikuwa imefika vyuoni, ingawa wazazi walikuwa wamelipa. Funzo ni kwamba fedha zisipitie mikononi mwa mtu wa kati. Chuo kinachotoa ufadhili kamili humwandikia mwanafunzi moja kwa moja.

Aidha, hata aliyepokelewa bado ana ubalozi wa kupita. Mwishoni mwa Mei 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha kupanga mahojiano mapya ya visa za wanafunzi, ikayarejesha mwezi uliofuata kwa masharti ya kuchunguza kurasa za mitandao ya kijamii. Mwombaji mwenye busara haweki mayai yote katika kikapu kimoja. Huwa na nafasi ya pili Nairobi au Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi.

Wapo watakaouliza kama kijana huyo atarudi. Hakuna awezaye kumwekea dhamana. Lakini Tana River ina deni la kudai hesabu. Mradi wa mpunga wa TARDA ulivunjwa na mafuriko ya El Nino ya 1997/98, na mpango wa mashamba ya miwa katika delta ukafikishwa mahakamani mwaka 2008. Kila mara makadirio ya faida yaliletwa na wageni, na wenyeji wakabaki kukubali au kukataa hesabu wasizoweza kuzikagua. Serikali ya kaunti inayogharimia basari kila mwaka ingeweza kuajiri washauri wachache tu wa kuzunguka shuleni, wakiwa na orodha ya vyuo vinavyolipa na kalenda ya maombi. Siku mradi mwingine utakapoletwa Ozi, huenda akawapo mkutanoni mwenyeji wa kuzipitia takwimu hizo na kuuliza zilipatikanaje.